Kudowa-Zdrój kwa Miguu: Mafuvu, Ngazi 665 na Miamba ya Mpakani

Wengi wanaokwenda Milima ya Stołowe, kusini magharibi mwa Poland, huimaliza safari kwa nusu siku. Wanatoka Wrocław asubuhi kwa gari, wanaegesha kijijini Karłów, wanapanda ngazi, wanapiga picha, na alasiri wako njiani kurudi. Si kosa, lakini mji mdogo ulio chini ya milima hiyo wanaupita bila kuuona, na bila mji huo miamba inabaki kuwa mawe yenye maumbo ya kuchekesha tu. Mji huo ni Kudowa-Zdrój, wenye wakazi wapatao elfu kumi. Ukiweza, lala hapo siku mbili au tatu, na milima uipande kwa kutokea mlangoni mwa nyumba uliyofikia.

Kudowa iko kwenye pembe ya Poland inayochomoza ndani ya Cheki. Mpaka uko pembeni kabisa mwa mji, na ng'ambo yake ni mji wa Kicheki wa Náchod. Kwa karne nyingi eneo hili, sehemu ya nchi ya Kłodzko, lilikuwa chini ya wafalme wa Bohemia. Prussia ililitwaa katika vita vya karne ya 18, baadaye likawa Ujerumani, na likabaki hivyo hadi 1945. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mipaka ilisogezwa. Wajerumani waliondolewa, wakaletwa Wapolandi, wengi wao kutoka mikoa ya mashariki iliyochukuliwa na Umoja wa Kisovieti. Wakimbizi wa Kipolandi waliofika Tengeru, karibu na Arusha, kuanzia 1942 walitoka mashariki hiyohiyo. Kambi yao ilikuwa na watu wapatao 5,000, na makaburi waliyoyaacha pale bado yanatunzwa. Kwa hiyo mwenyeji wa Kudowa akikwambia kwamba bibi yake hakuzaliwa hapa, usishangae: ni wazee wachache sana mjini ambao babu zao walizikwa kwenye makaburi ya hapohapo.

Kufika

Njia rahisi ni kupitia Wrocław. Kutoka huko hadi Kudowa ni kilomita kama 125, na kuna treni na mabasi yanayopita Kłodzko. Panda treni ukiweza. Baada ya Kłodzko reli inaanza kupinda na kupanda, inapita Duszniki-Zdrój, kisha inavuka daraja refu la matao ya mawe juu ya mji mdogo wa Lewin Kłodzki. Wenye kamera hukaa dirishani mapema. Kudowa ndiyo mwisho wa reli, kwa hiyo hata ukisinzia hutapitishwa.

Unaweza pia kuingilia Prague, ukafika Náchod kwa basi au treni, kisha ukavuka mpaka. Viza ya Schengen inafaa nchi zote mbili. Anayeishi Poland kwa kibali cha ukaazi au viza ya masomo anaruhusiwa kuingia Cheki kwa matembezi mafupi, hadi siku 90 katika kila siku 180. Kwa kawaida hakuna anayekuuliza kitu pale mpakani, lakini pasipoti na kibali viwe mfukoni, visiachwe chumbani. Njia kadhaa za milimani huku zinapita karibu na mpaka, na anayetakiwa kuthibitisha yeye ni nani hapewi nafasi ya kurudi hotelini kwanza.

Kwa aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili, ratiba zao zinataka uangalifu. Zinafuata saa 24 kuanzia usiku wa manane: 7:15 ni saa moja na robo asubuhi, na 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Jambo lingine la kupanga mapema ni Jumapili. Sheria ya Poland inafunga maduka makubwa Jumapili nyingi za mwaka, kwa hiyo maji, mkate na matunda ya safari nunua Jumamosi. Vituo vya mafuta na maduka madogo machache hubaki wazi, kwa bei ya juu kidogo.

Mji wa maji

Katikati ya Kudowa kuna bustani kubwa yenye chemchemi za maji ya madini. Hayo maji ndiyo yaliyouzaa mji kama mahali pa matibabu, hasa ya moyo na mzunguko wa damu, na hadi leo wagonjwa huja kukaa majuma kadhaa kwa agizo la daktari. Utawaona asubuhi wakitembea polepole, kila mmoja na kikombe chenye mdomo mwembamba, wakinywa kidogokidogo. Maji hayo yana gesi na chuma, na wengine hupata ndani yake harufu ya kiberiti. Onja glasi moja ili ujue, lakini mwenye shida ya figo au anayetumia dawa za moyo aongee kwanza na daktari, kwa sababu huku maji haya yanahesabiwa kuwa dawa.

Bustani yenyewe haina kiingilio. Karibu yake kuna Makumbusho ya Vitu vya Kuchezea, na Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Stołowe inaendesha mjini makumbusho madogo ya chura: vyura wa kauri, wa mbao, wa vitambaa, wa kila namna. Ukiwa na watoto na mvua inanyesha, hapo patakuokoa. Ukiwa mtu mzima peke yako na jua linawaka, waache vyura uende Czermna.

Kanisa la mafuvu

Czermna ni sehemu ya Kudowa iliyo upande wa kaskazini, si zaidi ya nusu saa kwa miguu kutoka bustanini. Zamani ilikuwa kijiji chenye wasemaji wengi wa Kicheki. Kanisa la Mtakatifu Bartholomayo liko upande mmoja na mnara wa kengele umesimama peke yake upande wa pili, na kati yao kuna kanisa dogo jeupe ambalo kwa nje halina cha kukusimamisha. Ndani, kuta na dari zimefunikwa kwa mafuvu na mifupa mirefu ya miguu ya binadamu.

Aliyelijenga ni paroko Mcheki, Wacław Tomaszek. Nchi hii ilikuwa imepita katika Vita vya Miaka Thelathini, vya 1618 hadi 1648, kisha vita vya Prussia na Austria vya karne ya 18, na katikati ya vita hivyo tauni na njaa. Maiti zilizikwa kwa wingi, kwa haraka, na bila kina cha kutosha, hata mifupa ikawa inatokeza juu ya udongo. Mwaka 1776 Tomaszek alianza kuikusanya. Akishirikiana na mchimba makaburi alifukua, akasafisha, akapanga, na kazi hiyo iliendelea hadi alipofariki mwaka 1804. Mafuvu yaliyo ukutani na darini yanakadiriwa kuwa 3,000. Chini ya sakafu, katika chumba kinachofunguliwa kwa kifuniko cha mbao, kuna mabaki ya watu wengine zaidi ya 20,000. Fuvu la Tomaszek mwenyewe limewekwa karibu na altare.

Wageni huingizwa kwa makundi, mlango unafungwa, na maelezo yanatolewa kwa muda wa robo saa hivi. Kupiga picha hakuruhusiwa. Angalia saa za kufunguliwa kabla ya kwenda, kwani hubadilika kati ya kiangazi na majira ya baridi, na misa za parokia hutangulia wageni. Vaa kwa heshima kama uendavyo kanisani. Mtoto mdogo aelezwe mapema anachokwenda kukiona. Kumshtukiza si haki.

Wapo wanaoona kwamba mahali hapa pamegeuzwa kuwa kivutio cha kutisha. Mimi siafiki. Waliopangwa humu walikuwa maadui: askari wa jeshi hili na la lile, Wakatoliki na Waprotestanti, wanakijiji waliokufa kwa ugonjwa. Paroko hakuwatenga kwa dini wala kwa bendera, na hata angetaka asingeweza. Ukiisha kuliona kanisa hili, historia ya mpaka huu inaacha kuwa orodha ya wafalme, na ndiyo maana nashauri uanze hapa kabla ya kupanda mlima wowote.

Hapo hapo Czermna ipo kazi ya mchonga mbao František Stephan, aliyetengeneza pango la Noeli lenye sanamu ndogo za mbao zinazotembea kwa mitambo. Mbele zaidi, Pstrążna, kuna makumbusho ya wazi yenye nyumba za mbao za wakulima wa zamani. Vyote viwili unaweza kuviona alasiri moja bila kukimbia.

Kusoma alama za njia

Anayejua Kilimanjaro atakuta utaratibu tofauti kabisa. Kule huruhusiwi kupanda bila mwongoza watalii aliyesajiliwa, na wapagazi hubeba mizigo. Huku hakuna lango la kuandikisha jina wala mpagazi. Unatoka tu na kufuata rangi. Kwenye miti, mawe na nguzo za umeme kumepakwa mistari mitatu ya mlalo: mweupe juu na chini, na katikati rangi ya njia. Rangi ni nyekundu, bluu, kijani, njano au nyeusi. Wengi hudhani rangi inaonyesha ugumu, kwa vile kwenye miteremko ya kuteleza thelujini ndivyo ilivyo. Kwa njia za miguu za Poland sivyo. Nyekundu huwa ndiyo njia kuu ya eneo, nyeusi mara nyingi ni kiungo kifupi, na yoyote kati yao inaweza kuwa laini au ngumu.

Vibao vya njia panda vinaandika muda badala ya kilomita. Muda huo ni wa mtu anayetembea kwa kasi ya wastani bila kupumzika, kwa hiyo ongeza robo yake, na ukiwa na watoto ongeza nusu. Mshale uliopinda ni onyo kwamba njia inakata kona. Ukitembea dakika kumi bila kuona alama, usiendelee kwa matumaini. Rudi hadi alama ya mwisho uliyoiona.

Njia nyekundu inayopita Kudowa ni kipande cha Njia Kuu ya Milima ya Sudety, ndefu kama kilomita 440, kutoka Świeradów-Zdrój hadi Prudnik. Kipande hicho ndicho kitakachokupeleka kwenye miamba.

Siku ya miamba

Milima ya Stołowe, yaani milima ya meza, ina vilele bapa. Zamani sana, zama za dinosauri, hapa palikuwa bahari. Mchanga ulijikusanya chini ya maji kwa tabaka na kugeuka mwamba, bahari ikaondoka, ardhi ikainuliwa, na mwamba ukapasuka wima kama mkate wa boflo uliokatwa vipande ambavyo havijatenganishwa. Maji ya mvua na barafu yaliingia kwenye nyufa, yakazipanua na kuchukua mchanga. Kilichobaki ni vichochoro kati ya kuta za mawe, pamoja na minara na maumbo ambayo watu wameyapa majina. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1993 na ina eneo la kilomita za mraba kama 63.

Toka mjini saa mbili asubuhi, au mapema zaidi. Kudowa iko mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari na Błędne Skały, kituo cha kwanza, iko mita 850. Njia nyekundu inapanda msituni kwa muda wa saa mbili na nusu kwa mwendo wa kawaida. Hakuna mahali pa kushika kwa mikono, ni kupanda tu, na baada ya mvua mizizi ya miti huteleza.

Błędne Skały ni miamba ya kupotea, na ingekuwa hivyo kweli kama njia isingewekwa alama na kufanywa ya upande mmoja. Kwa dakika 40 hadi saa nzima unapita kwenye vichochoro ambavyo vingine vinakulazimisha uvue begi la mgongoni na kulishika mkononi, utembee kiubavuubavu, au uiname. Mwenye mwili mkubwa atapita, ila taratibu. Anayeogopa sehemu zilizobana asidanganywe na picha: baada ya kuingia, nyuma yako kuna watu na kurudi ni shida. Kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto havipiti. Mahali pengine pana vijia vya mbao kwa sababu ya maji, kwa hiyo viatu viwe na soli yenye meno hata siku ya jua.

Kuna kiingilio. Msimu wa Julai na Agosti, na siku za mapumziko marefu kama 1 hadi 3 Mei na 15 Agosti, kata tiketi mtandaoni mapema. Wanaokuja kwa gari hupanda hadi maegesho ya juu kwa barabara nyembamba ambayo magari hupishana kwa zamu: kuna muda wa kupanda na muda wa kushuka. Anayechelewa zamu yake husubiri ijayo, na ndiyo maana mwenye miguu mara nyingi huwahi kuliko mwenye gari.

Kutoka hapo njia nyekundu inafuata mgongo wa milima kuelekea Karłów, saa moja na nusu hadi mbili, karibu tambarare. Watu hupungua. Waprussia walijenga ngome ndogo juu ya kilima karibu na Karłów mwaka 1790, Fort Karola, na mabaki yake yapo bado. Kuyafuata ni kuchepuka kidogo kutoka njia kuu, na mandhari ya pale juu yanalipa jasho.

Karłów ni kijiji cha nyumba chache na vibanda vingi vya chakula. Juu yake umesimama Szczeliniec Wielki, mita 919, kilele cha juu kabisa cha milima hii. Ngazi za mawe zinazopanda huko husemwa kuwa 665. Zilipangwa mwanzoni mwa karne ya 19 kwa juhudi za Franz Pabel, mkuu wa kijiji cha Karłów, aliyeona kwamba wageni wataendelea kuja na kwamba njia nzuri ni riziki ya kijiji. Mwaka 1813 mfalme wa Prussia alimpa rasmi kazi ya kuongoza wageni mlimani, na wenyeji humtaja kuwa miongoni mwa waongoza milima wa kwanza Ulaya kuwa na cheti cha serikali. Wageni wenyewe hawakuwa wa kawaida: mshairi Goethe alipanda mwaka 1790, na mwaka 1800 akaja John Quincy Adams, wakati huo balozi wa Marekani huko Prussia, aliyekuja kuwa rais wa sita wa nchi yake. Wote wawili walipanda kabla ya ngazi.

Kwa ngazi ni dakika 30 hadi 40, na pumzi ndiyo itakayoamua. Juu kuna nyumba ya wapanda mlima iliyojengwa mwaka 1845, na mbele yake baraza la mawe ambalo siku ya anga safi linakuonyesha Cheki yote ya upande huu pamoja na mlima Śnieżka kwa mbali. Kufika hapo ni bure. Kiingilio kinaanza nyuma ya nyumba, kwenye mzunguko wa miamba, nao pia ni wa upande mmoja na unachukua kama saa moja. Utapita kando ya ngamia wa jiwe, kuku anayeatamia, kichwa cha nyani mtu, kisha utashuka kwenye ufa mrefu uitwao Jehanamu. Jehanamu hii ni ya baridi: jua haliingii, na theluji huweza kubaki humo wakati juu watu wamevaa fulana. Koti jepesi usiliache mjini hata mwezi wa Juni.

Szczeliniec ndio mlima maarufu, na ndio uliojaa. Ukiniuliza mahali pazuri kuliko pote, nitakutajia Skalne Grzyby, miamba yenye umbo la uyoga iliyotawanyika msituni upande wa mashariki wa hifadhi, kuelekea Wambierzyce. Hakuna ngazi, foleni wala kibanda cha soda. Utembee saa tatu nne kwa alama na ramani yako, na huenda usikutane na zaidi ya watu kumi. Kwa hao kumi utasema "dzień dobry", kwa sababu wapanda milima wa Poland husalimiana njiani hata wasipojuana, na Mswahili hahitaji kufundishwa hilo.

Kurudi kutoka Karłów kunahitaji mpango. Mabasi ya kwenda Kudowa ni machache, na nje ya msimu huweza kukosekana. Piga picha ratiba iliyoko kituoni mara tu unapofika, kabla ya kupanda ngazi. Likikosekana basi, ni miguu tena au teksi ya kuitwa kutoka mjini, na barabara inayopita hapo, yenye kona nyingi hata ikaitwa Barabara ya Kona Mia, si ya kutembea pembeni yake gizani.

Hali ya hewa, kupe na namba za simu

Desemba jua huzama karibu na saa kumi jioni. Juni huzama baada ya saa tatu usiku. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua unaweza kwenda umbali gani, hivyo tochi ni lazima kuanzia Oktoba. Majira ya baridi ngazi na vichochoro hufunikwa na barafu, na baadhi ya njia hufungwa au hupitika kwa hatari yako mwenyewe. Soma matangazo ya hifadhi siku moja kabla. Aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam mwezi uliopita asijaribu miamba hii Januari kwa raba za mjini. Mzunguko wa bustani utamtosha. Kiangazi hatari ni radi: wingu jeusi likijikusanya mchana, shuka kutoka kileleni na usijifiche chini ya mti uliosimama peke yake.

Msituni kuna kupe kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli. Hawa hueneza ugonjwa wa Lyme na homa ya ubongo. Vaa suruali ndefu, ingiza miguu ya suruali ndani ya soksi, na jioni jikague mwili mzima, hasa nyuma ya magoti, kwapani na kinenani. Ukimkuta, mng'oe kwa kibano kwa kumvuta moja kwa moja bila kumpaka mafuta. Ukiona duara jekundu linatanuka mahali alipouma, hata baada ya wiki kadhaa, nenda kwa daktari na umwambie ulikuwa msituni. Kuna pia nyoka mwenye sumu, mwenye mstari wa zigizaga mgongoni, ambaye humkimbia mtu asipokanyagwa.

Waokoaji wa milima wa Poland wanaitwa GOPR. Namba zao ni 985 na 601 100 300. Namba ya dharura ya Ulaya nzima ni 112. Kuokolewa hakutozwi fedha. Programu ya simu iitwayo Ratunek huwatumia waokoaji mahali ulipo, kwa hiyo ipakue kabla ya kutoka, ukiwa bado na intaneti. Karibu na mpaka simu hushika mtandao wa Cheki bila kukwambia. Kwa mwenye laini ya nje ya Umoja wa Ulaya hilo linaweza kula salio.

Chakula

Ukifika na njaa, mapishi ya milimani ni mazito na mazuri, lakini nguruwe yumo karibu kila mahali, pamoja na pale usipomtarajia. Supu ya żurek hupikwa na soseji yake. Mafuta meupe yanayoletwa na mkate bila kuagizwa, smalec, ni mafuta ya nguruwe. Asiyekula atapata pierogi ruskie, vinyunga vya unga vilivyojazwa viazi na jibini, ila aseme "bez skwarek", la sivyo vitamwagiwa juu vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Chaguo salama zaidi ni pstrąg, samaki wa maji baridi anayefugwa kwa wingi katika eneo la Kłodzko, na kwa utamu ni keki ya tufaha, szarlotka, ambayo nyumba za wapanda mlima hujivunia. Matunda ya porini na uyoga ndani ya hifadhi usichume. Ni marufuku, na uyoga wa sumu haukosekani.

Ukiwa na siku ya ziada

Wambierzyce, kaskazini mashariki, ni mahali pa hija. Basilika yake ya karne ya 18 ina ngazi 57 mbele: 9 kwa makundi ya malaika, 33 kwa miaka ya Yesu duniani, na 15 kwa umri wa Maria alipochukua mimba kwa mapokeo yao. Sanamu ya Maria inayoheshimiwa humo ni ndogo, sentimita 28 tu. Kuzunguka kijiji kuna vikanisa na vituo vya sala vipatavyo mia, vilivyotawanywa vilimani kwa mfano wa Yerusalemu, na kuvizunguka ni matembezi kamili ya nusu siku hata kwa asiye Mkristo.

Upande wa pili kuna Duszniki-Zdrój, na treni ya kurudi Wrocław inapita hapo, kwa hiyo unaweza kushuka na begi lako na kupanda ya baadaye. Agosti 1826 Fryderyk Chopin, akiwa na umri wa miaka 16, aliletwa hapa kutibiwa, akapiga piano hadharani kuwachangia yatima. Tangu 1946 kila Agosti hufanyika tamasha la muziki wake, na vyumba mjini hupanda bei wiki hiyo. Hata nje ya tamasha usiache kuingia kwenye kinu cha karatasi cha karne ya 17, chenye paa la vigae vya mbao, ambacho sasa ni makumbusho. Wageni huruhusiwa kuchota uji wa karatasi kwa chujio na kutengeneza ukurasa wao kwa mkono. Ukurasa huo unahitaji muda wa kukauka, kwa hiyo fanya hilo kwanza, halafu ndipo uzunguke vyumba vingine na kuangalia saa ya treni.